Manowari za Sylvesta Msaga Unga

Manowari kubwa kuliko zote zilizopata kuruka angani hazikuundwa Urusi wala Marekani. Ziliundwa Karatu, ndani ya kibanda cha mabati cha mashine ya kusaga ya kijiji, na fundi wake alikuwa Sylvesta, mwanamume mfupi mwenye kope nyeupe za unga ambaye hakuwahi kuiona bahari. Chombo pekee cha majini alichowahi kupanda ni nusu ya pipa, utotoni, kwenye bwawa la walowezi. Kilizama.

Nilimkuta mwaka 1981, baada ya kukwama pale kwa sababu iliyomkwamisha kila mtu: mafuta hayakuwapo. Gari letu lilisimama, mashine yake ilisimama, na watu waliokuja na mahindi walikaa juu ya magunia wakisubiri dizeli kutoka Arusha. Mashine ikinyamaza, Sylvesta alisimulia.

Manowari zake zilikuwa saba, zote za jamii ya Oldeani, na kila moja ilibeba jina la mlima wa huko: Oldeani yenyewe, Olmoti, Lemagarut, Loolmalasin, na nyingine alizozikumbuka kadiri vita vilivyozidi kuwa vikali. Moja ikitua ingejaza kreta ya Ngorongoro ukingo hadi ukingo, na faru wangehamia mashamba ya Mbulumbulu. Mbele ilikuwa na mdomo mpana wa meno yanayozunguka, ikila nyota na kutema makapi nyuma. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano aliutambua mdomo huo. Ni wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, na Sylvesta alikuwa utingo wa kombaini kabla ya kukabidhiwa mashine. Manowari iliwashwa kwa hendeli, na asubuhi za ukungu iligoma.

Wasikilizaji nao walikuwa mafundi wakali. Mzee Lembris, mfugaji kutoka Ngorongoro, aliuliza askari wanakunywa nini huko juu. Ikabidi wapewe ng'ombe. Ng'ombe wakahitaji majani, kwa hiyo ghorofa nzima ya manowari ikageuzwa malisho, na pembeni ikawekwa magadi. Marsela, mkulima wa Mbulumbulu, aliuliza nani anazoa kinyesi. Swali hilo Sylvesta aliliahirisha.

Tangu kilimo kipigwe marufuku hifadhini, watu wa Lembris walinunua mahindi Karatu na kuyapakia punda. Kwao hiyo ni kazi ya wanawake, na Marsela hakumwacha apumue.

"Mzee Lembris, Namunyak anaumwa?"

"Mke wangu ni mzima."

"Basi mbona punda umewaleta wewe?"

"Nimepita kuangalia bei ya ng'ombe."

"Mnada ulikuwa jana."

Lembris alivuta ugoro wake na kuangalia mlima.

Wiki ile mambo yalikuwa mabaya. Mashine nyingine ilikuwa imefunguliwa upande wa Kansay, nayo ilikuwa na dizeli. Mwenyekiti wa kijiji, Clemensi, alimwambia Sylvesta mbele ya watu: "Wakikuhama hawa, unanikabidhi funguo. Kijiji hakiwezi kuweka mtu wa kulinda mabati." Sylvesta hakuwa na shamba la maana. Mashine ndiyo iliyomfanya aitwe fundi. Kwa hiyo akaamua kuwazuia watu kwa vita vikubwa kuliko vyote, mlipuko aliokuwa ameutunza mwaka mzima. Hata sauti yake alikuwa ameifanyia mazoezi, kichwa kikiwa ndani ya sanduku la mashine la kumiminia mahindi.

Ijumaa, Clemensi akiwa amesimama mlangoni mikono nyuma, Sylvesta alianza. Olmoti imetekwa na adui. Oldeani imeifuatia mpaka nyuma ya mwezi. Akainua kopo la kupimia unga kama mzinga.

"Oldeani ikafungua mdomo. Mizinga yote ikaielekea Olmoti."

"Ngoja," Lembris akasema. "Hao wawili walizaliwa lini?"

"Hazikuzaliwa, mzee. Ziliundwa. Kiwanda kimoja, na zilitoka siku moja."

"Na vitani walikwenda pamoja."

"Nawaambia hivyo tangu mwaka jana."

"Basi hao ni rika moja. Oldeani hawezi kumpiga Olmoti."

"Lakini mzee, ndani mmejaa maadui."

"Hilo shauri lingine. Mgeni mbaya akilala kwa mwenzangu wa rika, nichome nyumba ya mwenzangu?"

"Ni chuma tu hicho, mzee Lembris."

"Chuma gani kilitoa machozi nahodha alipokufa? Ulisema mwenyewe. Nilipomsimulia Namunyak, hakula."

"Ilikuwa inavuja mafuta," Sylvesta akajitetea kwa sauti ndogo.

"Mafuta yapi?" Marsela akauliza. "Hata wewe huna."

Lembris akasimama na kutengeneza shuka lake la lubega begani. Akawaambia wenzake wapakie punda, wanakwenda Kansay, ambako watu wanasaga bila kuua ndugu. Wafugaji wote wakainuka, na magunia yao yalikuwa zaidi ya nusu ya yaliyokuwa pale. Clemensi alitoa mkono mmoja mgongoni na kuuweka wazi, tayari kupokea funguo.

Sylvesta aliutazama mkono ule. Kisha akalitazama kopo lake, kama mtu anayemuuza fahali aliyemlea mwenyewe, na akaliweka chini.

"Mzee Lembris, hukuniacha nimalize. Nimesema imefungua mdomo. Nimesema imepiga?"

Lembris akasita, mkono juu ya mgongo wa punda.

"Haikupiga. Ilibisha hodi."

Waliokuwa wakipakia wakageuka.

"Olmoti ikafungua mlango yenyewe, maana mwenzako wa rika humfungii nje. Adui akabonyeza kila kitufe, mlango ukakataa kufunga. Askari wote wa Oldeani wakaingia kulala."

"Na ng'ombe wao?"

"Na ng'ombe wao."

"Kwa hiyo hao maadui sasa ndio wenyeji," Lembris akasema polepole.

"Ndiyo shida iliyowapata."

"Na nani anawapikia wote hao?" Marsela akauliza.

Hapo watu walianza kubishana, na mwenye ubishi hapakii punda. Magunia yakashushwa. Hata Clemensi akakalia moja, mkono wake umesahau ulichokuwa umekuja kuchukua.

Pipa la dizeli likafika kesho yake, wote wakiwa wamerudi. Sylvesta akazungusha hendeli, mashine ikanguruma, mabati yakatetemeka. Clemensi akapunga mkono.

"Zima kidogo."

"Ndugu mwenyekiti, dizeli si hii imefika?"

"Nimeiona. Wale wageni, wamekula au hawajala?"

"Saga yangu kwanza," Marsela akasema akiinua debe lake. "Wa angani wangoje. Wanangu hawakuundwa kiwandani."

Sylvesta akasaga debe la Marsela, akazima.