Mzee wa Ndani ya Miwani

Mimi mwenye mashine ya kusaga pale Mugoma, niliyeishia darasa la nne na bado nikajenga, juzi niliumbuka hospitalini. Nilimpeleka mama apimwe kama bado anakumbuka njia, maana alipotea akitoka kanisani. Wauguzi wakamvisha miwani mikubwa ya kufunika macho, ambayo ndani yake unaona kijiji cha picha na kutembea humo. Akaenda kisimani mle ndani, akarudi bila kukosea.

“Mama anaweza kutembea peke yake,” daktari akasema.

“Hiyo mbona rahisi! Nipeni na mimi.”

Nikapotea palepale. Nikaona mzee mle ndani, nikataka kumwuliza njia. “Shikamoo!” Kimya. Nikafoka: “Mzee, unanijua mimi?”

Kuvua miwani, nimekamata pazia, foleni nzima inacheka.

Mama akanishika mkono. “Marahaba, mwanangu. Twende, nikuoneshe njia ya nyumbani.”