Hakuna Aliyeniambia Nivue Viatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, jikoni kwa dada yangu huko Muleba, nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga, akiwakaanga. Mimi nilikaa mlangoni nikinyofoa mabawa ya waliobaki.

"Dada, unawaunguza."

"Nyamaza, mwanaume wa mjini. Kazi yako ni kula tu. Zamani wanawake tuliwakaanga bila kuruhusiwa kuonja. Leo utakula nitakachobakiza."

"Kuna kitu kinaungua kweli."

"Ni wivu wako, waitu, ndugu yangu." Akacheka, akageuza mwiko.

Niliinuka kutazama sufuria. Senene hawakuwa wameungua. Kaa la moto lilikuwa limeangukia kati ya vidole vya mguu wake wa kushoto, na ngozi ilikuwa inatoa moshi mwembamba. Alikuwa bado anacheka.

Nililipangusa kwa kiganja. Aliyepiga kelele ni mimi. Yeye aliuliza, "Umepatwa na nini?"

Dada ana kisukari, huu mwaka wa tisa. Nilikuwa nimesoma kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo. Sikuwahi kulinusa.

Zahanati walisafisha kidonda, lakini baada ya siku chache kilikuwa cheusi, wakatuandikia rufaa kwenda Bukoba. Kuanzia hapo swali lilikuwa moja: mguu utabaki au utakatwa?

Wodini alikuja daktari kijana anayefanya utafiti wa vidonda vya wagonjwa wa kisukari. Alimwambia dada afumbe macho, aseme "ndiyo" kila akiguswa. Akaanza na mguu wa kulia, ule mzima. Kwa uzi mgumu wa nailoni akagusa kidole gumba, katikati ya unyayo, kisigino. Niliuona uzi ukipinda juu ya ngozi. Dada kimya.

"Mwanangu, utaanza lini?" akauliza.

Ganzi ilikuwa kwenye miguu yote miwili.

Daktari akamuuliza kwa nini alichelewa kuchunguzwa miguu.

"Nimechelewa wapi? Kila mwezi napanda pikipiki hadi kliniki. Wananitoboa kidole, wananipa vidonge, narudi. Muuguzi ni mmoja, sisi tumejaa benchi hadi nje. Hakuna aliyeniambia nivue viatu."

Nikauliza kama tatizo la kliniki za vijijini ni kukosa uzi kama ule. Daktari akasema uzi unasaidia, ila hata ncha ya kidole inatosha kuanzia: unagusa vidole vya mguu taratibu, unauliza kama mgonjwa anahisi. Alikuwa akiwahoji wagonjwa wanaotoka mbali ili ajue wanachokikosa kabla ya kufika kwake. Miaka tisa, na kilichokosekana ni mtu wa kugusa.

Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki. Alikaa kwangu Rwamishenye, mjini Bukoba, hadi kidonda kikafunga, akirudi kila wiki kubadilishiwa bandeji. Nauli, dawa, kitanda, na hasara ya kahawa aliyoiuza kwa butura, yaani kwa bei ya chini ikiwa bado mtini: jumla iliyotutoka ni shilingi laki saba na elfu arobaini na mbili.