Mgeni wa Chumba cha Juu

Siku Hilari alipomwona Bi Thuraya kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli kongwe ya enzi za wakoloni, begi mkononi, haingii wala haondoki. Hilari alimpokea begi, akamwamkia shikamoo bila kumtazama usoni. Alikuwa ametoka Bukene na darasa lake la saba, akasafisha vyumba vya hoteli ile miaka kumi na tisa, na bado macho ya wageni yalimwia mazito.

Bi Thuraya alizaliwa Chemchem, mtaa wa mji huohuo, akaolewa Dar es Salaam, akafiwa na mume, akashona nguo za watu mpaka vidole vikapinda. Utotoni, yeye na kaka yake Hamoudi walikuwa wakichungulia sakafu ya hoteli ile iliyong'aa kama kioo, mpaka mlinzi awafukuze. Sasa alikuwa ameuza cherehani zake zote mbili, akapanga chumba cha juu chenye roshani pana.

Siku za kwanza alifurahi kweli. Alisifu dari lililoinuka juu na kuta nene zilizozuia jua la Oktoba, shuka zilizopigwa pasi, chai inayoletwa kwa birika. Kisha sifa zikapungua. Bomba lilitoa maji ya kutu. Ngazi zilikuwa ndefu kwa mtu wa pumzi fupi. Na kuta zilezile zilizozuia joto zilizuia na sauti: adhuhuri moja Hilari alimkuta sakafuni, ameita tangu asubuhi bila mtu kusikia. Ndipo alipoona bandeji kifuani, akajua kwamba harufu ambayo mama alikuwa akiifunika kwa ubani ilikuwa ya kidonda.

"Kansa," alisema Bi Thuraya. "Nimekuja kufia kwetu. Lakini sikutaka kumwingizia Hamoudi uvundo huu nyumbani."

Hapo ndipo alipokosea. Kwao, dada hafikii hotelini ilhali kaka yake yu hai na ana nyumba mjini. Wiki mbili mtaa mzima ulijua aliko, na Hamoudi hakutia mguu. Bi Thuraya akaamua kumtuma Hilari akamwite, akamwapisha asitaje ugonjwa. Alitaka kaka yake aje kwa kumpenda, si kwa kuihurumia maiti.

Hilari alikwenda dukani kwa Hamoudi na sare yake ya hoteli, likawa kosa la pili. Hamoudi aliitazama sare, akawageukia wateja.

"Haya, dada yangu kaniletea mhudumu. Kesho atanitumia na kitabu cha wageni nisaini."

Watu wakacheka. Hilari alitazama viatu vyake. Neno moja tu lingetosha, kwamba mama anaumwa; lilimfika kooni likarudi, nusu kwa kiapo, nusu kwa haya. Alipokuwa akigeuka kuondoka, Hamoudi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mlango wa baba yao haujafungwa. Aje kwa miguu yake, na begi lake. Yeye hamfuati ndugu yake hotelini.

Jibu lilipomfikia, Bi Thuraya alicheka mpaka akakohoa.

"Kichwa kigumu kama baba," akasema.

Asubuhi iliyofuata alivaa buibui lake jipya, akafukiza udi, akakataa katakata kubebwa. Bajaji ilikuwa ikingoja chini. Hilari alitangulia na begi, akihesabu ngazi kimoyomoyo, na kwenye ngazi ya saba akasikia nyayo nyuma yake zimenyamaza. Mama alikuwa ameketi, mgongo ukutani, midomo imepauka. Hilari aliweka begi chini akimbie kumwita Hamoudi, lakini mkono wa baridi ukamshika kiganja.

"Mwanangu, usimwambie nimefia hotelini," alisema Bi Thuraya. "Mwambie nilikuwa njiani, nakuja kwake."