Dakika Tisa za Datsun

Mtaani walimwita mke wa kufa na kuzikana. Wanawake waliokuja kuchukua nguo walizompa azishone walichungulia chumbani, wakamwona mzee amelazwa kwenye shuka nyeupe, kanyolewa ndevu, kakatwa kucha, ananukia sabuni, wakatoka wakitikisa vichwa. "Mama Kidoti, thawabu zako wewe hazihesabiki," walimwambia. Naye aliinamia cherehani yake akakanyaga pedali.

Laiti mmoja wao angebaki hata robo saa zaidi.

Kiharusi kilimwangusha mzee bafuni, kikamchukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, macho, na akili. Akili ilikuwa nzima kabisa, na hilo Mama Kidoti alilihakikisha kwa daktari kabla hajaanza lolote.

"Anasikia?" aliuliza.

"Anasikia na anaelewa kila kitu, mama. Usikate tamaa."

"Sijakata," alisema.

Waliporudi nyumbani aliitoa saa ya ukutani sebuleni akaitundika chumbani, mkabala na kitanda. Mzee alipohitaji kitu alipiga godoro mara tatu kwa kiganja. Mama Kidoti alikuja mara moja, akauliza ni maji, ni kugeuzwa ubavu au ni chombo cha haja, na akishaelewa alikileta kitu chenyewe mpaka kitandani, akaketi nacho kwenye kigoda. Kisha akainua macho kwenye saa.

"Ngoja kwanza," alimwambia kwa upole. "Injini baridi."

Akangoja dakika tisa. Haikupungua hata moja, hata pale ambapo ilimlazimu baadaye kufua shuka. Alifua, akaanika, akapiga pasi.

Roho mbaya, utasema, na mimi siitetei. Lakini ukitaka kujua ilikotoka, inabidi tuanze na gari.

Mzee alikuwa dereva wa idara ya maji, na katika ujana wake alinunua Datsun 120Y rangi ya maziwa kutoka kwa mpima ardhi aliyekuwa anahama. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kazi. Akawa Datsun, na mvi zilipoingia akawa Mzee Datsun. Aliijua historia ya gari hilo kuliko historia ya ukoo wake, na mgeni hakupata kikombe cha chai kabla hajaisikia. Mabwana watatu wa Kijapani walitoa mtaji wao, herufi za kwanza za majina yao zikazaa Dat. Baadaye kikaundwa kigari kidogo, wakakiita, kwa Kiingereza, "son", yaani mwana wa Dat. Ikaja kugundulika kwamba neno lile la mwana, kwenye sikio la Mjapani, ni hasara. Nani atanunua hasara? Wakalitupa, wakaweka "sun", yaani jua, mahali pake. Hapo mzee alicheka peke yake mpaka akakohoa, na mgeni akatabasamu kwa adabu huku anaitazama birika.

Alikuwa pia na sheria moja. Mkufunzi wake pale idarani alimfundisha kwenye malori makubwa ya dizeli kwamba chombo hakiondoki mpaka sindano ya joto kwenye dashibodi inyanyuke. Akaichukua sheria ya malori akaileta kwenye kigari cha watu watano. Alivuta choki ya kuamshia injini baridi, akawasha, akaweka mkono mmoja kwenye usukani, akaikazia macho ile sindano. Siku za joto alingoja dakika nne. Siku za baridi tisa. Abiria hakuruhusiwa kuguna.

Binti yao alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndiyo maana wakamwita Kidoti, na alikuwa na pumu. Alikuwa na miaka sita. Asubuhi moja ya baridi kali, jua halijatoka vizuri, kifua kilimbana kuliko siku zote. Mama akamfunga blanketi, akaingia naye kiti cha nyuma.

"Twende."

"Ngoja kwanza. Injini baridi."

"Baba Kidoti, mtoto huyu."

"Ikinizimikia kwenye kile kilima tutafika saa ngapi?" alisema bila kugeuka, macho kwenye sindano.

Mama alikuwa na saa mkononi. Aliitazama kwa sababu hakuthubutu kutazama uso wa mtoto, ambaye midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Akasema twende mara ya pili, akasema mara ya tatu, mara ya nne akapiga kelele. Dakika tisa zilipotimia, gari liliondoka laini kama lilivyoondoka siku zote, likapanda kilima bila kukohoa. Kidoti alikata roho walipolifikia daraja. Hospitalini nesi aliyempokea alimshika bega mama mtu akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba ni dakika chache tu, mama, dakika chache tu zilikosekana.

Walizika. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Mume na mke hawakulizungumza jambo lile, si wiki ile wala mwaka ule. Lilikaa mezani kati yao kila mlo, nao wakapitishiana chumvi.

Tena sikiliza hili, maana hili ndilo lililomla mama yule ndani kwa ndani. Kabla hata arobaini haijatimia, mzee alianza kuamka kila siku saa kumi na moja alfajiri. Alitoka polepole, akafungua banda, akaiwasha Datsun, akaiacha ingurume mpaka ishibe moto. Akazima, akanawa mikono, akarudi ndani. Hakwenda popote. Hata alipostaafu, ambapo hakuwa na pa kwenda kabisa, kila alfajiri ya Mungu mama alilala macho wazi chini ya blanketi akisikiliza injini ile. Aliona ana mume anayekwenda kuiabudu iliyomuua mwanawe, na tena anaiabudu kwa saa, kama muumini. Zaidi ya miaka thelathini alimeza hilo, na bado akashona vitambaa vya viti vya gari lile kwa mkono wake, maana aliombwa na hakuwa mtu wa kukataa kazi.

Mara moja tu alitema. Gazeti lilileta habari kwamba wenye kiwanda wameliondoa jina la Datsun sokoni. Mzee alikaa na gazeti magotini kama aliyepokea simu ya msiba.

"Wameliua tena," alisema. "Tulipokuwa vijana walilizika. Juzi juzi wakalifufua. Na sasa wanalizika mara ya pili."

Mama Kidoti alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Mimi nilizika mara moja tu," alisema, "na siku ile sikukusikia ukisema maneno mengi hivyo."

Mzee alilikunja gazeti mara nne, akalitia mfukoni. Mwezi uliofuata kikaja kiharusi.

Basi sasa unajua saa ile ilitundikwa kwa nini. Lakini saa peke yake haikumtosha Mama Kidoti. Siku moja alimwita fundi wa gari, kijeba mmoja mcheshi waliyemwita Spana, ambaye alilihudumia gari lile kwa miaka mingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka uivunje hii gari."

Spana alishika kichwa. "Mama, hii inatembea. Wenye Datsun wanajuana kama watu wenye ugonjwa mmoja. Nikisema leo inauzwa, kesho wamepanga foleni hapa. Kuna mwalimu mkuu mmoja, watoto wake wamemletea gari jipya, kaliacha nje linyeshewe, anakwenda kazini na 120Y yake. Kuna mchungaji, mlango wake umefungwa kwa kamba, na ukimcheka anakuombea. Hao hawataki gari zima, wanahangaikia vipuri."

"Ndiyo, wape vipuri. Bure. Kila Jumamosi kipuri kimoja, na kila utakachokitoa unipe kwanza nikamwonyeshe mwenyewe."

Spana alidhani ni kuaga. Alifikiri ni mapenzi, maskini, na akakubali kwa heshima.

Jumamosi ya kwanza zilitoka herufi sita za jina Datsun zilizobandikwa nyuma ya gari. Mama Kidoti alizipanga juu ya kifua cha mzee, moja moja, akamwacha azione. Ya pili ilitoka taa. Ya tatu usukani. Huo aliulaza tumboni mwa mzee na akauchukua ule mkono wa kushoto akauweka juu. Ikafuata redieta, ikafuata kabureta. Chozi lilimtoka mzee jicho la kushoto. Mama alileta kitambaa safi, akaketi, akatazama saa, na baada ya dakika tisa akalifuta chozi ambalo lilikuwa limeshakauka lenyewe.

Na saa kumi na moja alfajiri, bado mzee alikuwa macho. Alipiga godoro, akapiga tena, akaelekeza jicho dirishani kwenye banda. Mama aliinama mpaka sikioni.

"Kimya," alimwambia. "Unakisikia? Gari lako halitaamka tena."

Ikabaki injini. Jumamosi hiyo Spana alisimamisha magogo matatu, akafunga mnyororo, akaanza kuinyanyua taratibu huku anapiga soga kama kawaida yake.

"Injini hii, mama, nakwambia, haijapata kulala na baridi. Kila alfajiri mzee kaipasha. Nilimgombeza miaka ile ya mwanzo, nikamwambia mzee, unaunguza petroli bure, kwani unakwenda wapi? Akaniambia haendi popote. Akasema, siku mke wangu akiniita tena, nisimwambie ngoja."

Mama Kidoti alikuwa ameshika ndoo ya maji ya kunawia. Aliiweka chini.

"Alisema nini?"

"Nisimwambie ngoja. Ndivyo alivyosema." Spana alikuwa anauangalia mnyororo, hakumwona uso. "Nikamwambia, mzee, dakika tisa za nini? Hiyo ni sheria ya malori. Hii hata asubuhi ya baridi, vuta choki, ondoka hapo hapo, itakuchukua. Akaniuliza, una hakika? Nikasema hata mtoto wa shule ya ufundi anajua. Akakaa chini, pale pale kwenye tairi. Nikafunga plagi zote nne, nikamaliza, bado kakaa. Kuanzia siku hiyo hakunipa tena ile hadithi yake ya hasara na jua. Nikimkumbusha, anairuka."

Kweli alikuwa anairuka. Mama alikuwa ameliona hilo, akadhani kaichoka tu.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" aliuliza.

"Mimi nilidhani unajua, mama. Watu wawili, nyumba moja." Spana sasa aligeuka, akamwona, akauachia mnyororo uning'inie. "Mama? Nisimamishe kazi?"

Asimamishe nini? Kabureta ilikuwa inapanda vilima na mchungaji. Usukani uko kwa mwalimu mkuu. Redieta hata Spana hakukumbuka kampa nani.

"Endelea, mwanangu," alisema.

Alikuwa bado amesimama uani aliposikia kiganja kwenye godoro. Mara tatu. Alikimbia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, magoti mabovu, alikimbia kutoka uani mpaka chumbani, akaliona jicho la mzee liko kwenye jagi. Akamimina maji kwa haraka mpaka yakamwagika, akampelekea kikombe mdomoni pale pale bila kuketi.

Mzee aliifunga midomo.

"Kunywa," alisema. "Baba Kidoti, kunywa." Zaidi ya miaka thelathini alikuwa hajamwita hivyo. "Fundi kaniambia. Nimesikia yote. Kunywa, nakuomba."

Maji yalimtiririka kidevuni yakaingia shingoni. Midomo haikufunguka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomkata maini mama yule. Alikuwa ametulia kama mtu anayelipa deni analolijua. Jicho lake lilikuwa limelihama jagi, limekwenda ukutani.

Mama Kidoti alipofuata lile jicho akaiona saa, akageuka aende kuing'oa. Mkono wa kushoto ukamkamata pindo la gauni. Haukuwa na nguvu nyingi, lakini haukuachia. Alivuta kidogo, akaona kwamba akitaka kwenda itabidi auvunje ule mkono vidole, basi akarudi akaketi kwenye kigoda, mahali pake pa siku zote.

Nje Spana alikuwa ameanza tena kuvuta mnyororo. Wakasikiliza pamoja injini ikitoka. Mama alilia, akafuta machozi kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imeshika kikombe.

Dakika ya tisa ilipotimia, mzee akafungua mdomo, akanywa.