Mwandishi wa Mwongozo wa Lebo za Simu

Ofisini walimwita Bi Hatua, kwa kuwa hakuweza kumweleza mtu jambo lolote, hata namna ya kufunga dirisha, pasipo kuligawa hatua kwa hatua. Kazi yake ilikuwa kuandika miongozo ya programu zilizotungwa na vijana wa kampuni ndogo, iliyopanga vyumba viwili juu ya duka la dawa. Vijana walitunga, yeye aliwaeleza watu wa kawaida wabonyeze wapi. Alijivunia jambo moja: mwongozo wake ukishatoka, hakuna anayepiga simu kuuliza.

Siri ya fahari hiyo ilikuwa utaratibu wake. Kila mwongozo, kabla haujatoka, ulijaribiwa na msomaji asiyeijua kazi ile. Bi Hatua humketisha mbele ya kompyuta, naye hukaa nyuma yake, mikono mapajani na midomo imefumbwa, asimsaidie hata kwa kukohoa. Mwongozo wa lebo, hata hivyo, ulihitajiwa upesi, basi akamjaribisha mumewe nyumbani. Mume, fundi cherehani mstaafu, aliumaliza wote bila kukwama.

"Mke wangu, ikiwa hata mimi nimeweza, nani atashindwa?" alisema akijipiga kifua.

Bi Hatua akafurahi, akasahau kwamba mwanamume huyo alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kuelewa hata sentensi ambazo hajazimaliza.

Mwongozo ukapelekwa, pamoja na programu yenyewe, kwa mwenye duka la magodoro. Tajiri huyo alitangaza biashara yake kwa njia nyingi, naye alitaka kujua ni ipi inayomletea wanunuzi. Kila simu iliyoingia dukani, karani aliibandikia lebo katika programu, yaani maneno machache ya kuonyesha mpigaji amelijulia wapi duka. Mwisho wa mwezi lebo zingejumlishwa, na ukweli ungejulikana.

Mwezi ulipokwisha, mwenye duka alipiga simu kwa hasira. "Bibi, programu yenu inasema wateja wangu wote wamesikia tangazo la redio."

"Hongera, mzee."

"Hongera ya nini? Tangazo la redio nililiondoa kabla programu yenu haijaingia hapa! Leo jioni nataka maelezo, la sivyo mkataba nauvunja."

Bi Hatua aliiweka simu chini. Wakubwa walikwisha kumwambia waziwazi: mkataba huo ukivunjika, kazi ya mwandishi imekwisha. Vijana waliikagua programu, wakaiona nzima. Basi akachukua mkoba wake, akaenda dukani, akaketi nyuma ya karani mkuu wa simu, jamaa mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye wenzake walimwita Asali.

Simu ikaingia. Mpigaji akasema ameona bango karibu na kituo cha mafuta. Asali akamhudumia kwa upole, kisha akaufungua mwongozo, akabonyeza "Tengeneza lebo", na herufi kwa herufi akaandika: Tangazo la Redio.

Bi Hatua alishindwa kujizuia. "Mwanangu, si amesema ameona bango?"

"Amesema, mama."

"Mbona umeandika redio?"

"Si wewe uliyetuamuru?" Asali akamwonyesha ukurasa. "Hapa: 'Andika Tangazo la Redio.' Tukaandika. Ulitaka tuandike shairi?"

Makarani wakaangua kicheko. Bi Hatua akasoma, akarudia kusoma. Maneno yale aliyaweka yawe mfano tu, lakini hakuandika popote kwamba ni mfano. Mumewe alijua bila kuambiwa. Akacheka pamoja nao mpaka miwani ikamteleza puani.

"Kosa ni langu, wanangu. Nipisheni mezani."

Akauandika upya ukurasa ule. Kwanza, mwulize mteja amelijulia wapi duka. Pili, tazama kama lebo inayofaa ipo, ikiwapo, ichague. Isipokuwapo, ndipo utengeneze mpya kufuatana na jibu lake.

Jioni mwenye duka aliingia, uso ameukunja. Bi Hatua alimsimulia kisa chote bila kujitetea.

"Maneno matamu," tajiri akasema. "Nitaaminije kwamba sasa umesahihisha?"

"Keti ujaribu mwenyewe, mzee. Mimi sitasema neno."

Tajiri akavaa hedifoni. Simu iliyoingia ilikuwa ya mama mkwe wake, na sauti yake ilifurika hata nje ya hedifoni.

"Baba, hili godoro uliloniletea ni la kulalia au la kujengea ukuta?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nijibu!"

Akaahidi kulibadilisha. Kisha, macho kwenye ukurasa, akauliza kwa unyonge, "Samahani, mama, duka letu umelijulia wapi?"

"Kwa binti yangu uliyemwoa! Umelewa?"

Makarani walijificha nyuma ya kompyuta zao. Bi Hatua aliuma midomo. Tajiri akazipitia lebo zilizokuwapo: redio, pamoja na bango na mtandao ambazo makarani walizitengeneza mchana ule. Hakuna iliyofaa. Akashuka hadi mstari uliofuata wa mwongozo, akabonyeza, akafikiri kidogo, akaandika: Wakwe. Akahifadhi. Hakumwuliza mtu.

Alivua hedifoni, akajifuta jasho. "Mkataba unaendelea," alisema. "Lakini, bibi, lebo hii naifutaje kabla mke wangu hajaiona?"

Bi Hatua alimfunulia ukurasa wa kufuta, akamwachia asome mwenyewe.