Meza ya Vyombo vya Wageni

Shirika alilokuwa akifanyia kazi baba lilipouzwa, tulitoka kwenye nyumba ya kota mjini Dodoma tukahamia Chamwino, kwenye nyumba yetu wenyewe ambayo haikuwa hata na dari. Baba ndiye aliyepakia lori. Boksi la vyombo vya wageni alilitanguliza chini, juu yake akaweka cherehani. Tulipofika mama alilifungua, akatazama vipande vya sahani, akalifunga tena.

"Usijali," baba akasema. "Siku hizi vyombo vimejaa sokoni."

Hilo ndilo lililoharibu kila kitu, naamini hivyo mpaka leo. Sahani zile zenye maua mekundu mama alizipata enzi za foleni, mimi nikiwa mgongoni, wakati hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha. Sisi hatukuwahi kuzilia, hata Krismasi. Zilikaa kabatini zikisubiri wageni, na wageni wakiondoka mama aliziosha mwenyewe, hakumwamini mtu.

Tangu siku hiyo mama hakusema na baba moja kwa moja. "Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." Na baba amekaa hapo hapo! Mimi, mtoto pekee niliyebaki nyumbani, nageuka: "Baba, maji tayari." "Mwambie mama yako asante." Nilichoka kama tarishi. Sikuelewa kama wamegombana au ndivyo watu wazima wanavyoishi kazi ikiisha. Zamu yetu ya sala ya jumuiya ilipofika mama aliikataa, eti hana cha kuwanyweshea watu chai. Hapo nikaogopa kweli. Mama yangu, kukataa wageni?

Baba hakuomba radhi. Sijawahi kumsikia akiomba. Siku moja alichukua lile boksi, akaketi uani na nyundo, akaanza kuvunja vilivyokwisha kuvunjika. Nilidhani amechanganyikiwa. Mama alikuwa akichambua mlenda pembeni, hakuinua kichwa. Baba akaunda chini fremu ya mbao ya uso wa meza, akatandika nailoni, akapanga vipande maua yakiwa juu, duara ndani ya duara. Palipendeza, nakuambia. Hata mama alipopita na ndoo alipunguza mwendo. Kisha baba akamwaga zege juu yake, akafunika kwa magunia, akawa anayamwagilia asubuhi na jioni.

Lakini baba alikuwa karani wa stoo, si fundi. Siku ya kugeuza aliwaita majirani wawili wamsaidie. Wakaigeuza, akabandua nailoni, na hapakuwa na ua hata moja. Ilikuwa migongo mitupu ya sahani, nyeupe, yenye mihuri ya kiwandani. Maua yote yalitazama chini, yamezikwa ndani ya zege. Majirani walicheka. Mimi sikujua nicheke au nilie. Baba alibaki ameshika nailoni, akiikagua upande huu na upande ule, kana kwamba maua yameng'ang'ania huko.

Mama alitoka jikoni, akaitazama meza kwa muda, akarudi ndani. Jioni aliniambia nikawaarifu kina mama wa jumuiya kwamba zamu tutaichukua.

Walipokuja, meza ilikuwa katikati ya sebule. Nilingoja mama atandike kitambaa chake cha kufuma aifiche aibu ile. Hakutandika. Alipanga vikombe vya plastiki juu ya migongo ya sahani zake.

"Sasa dada, mbona haina hata nakshi?" mmoja akauliza.

"Maua yapo," mama akajibu. "Yako ndani. Mimi niliyaona."

Alikuwa anajivuna au anadhihaki? Nilimchungulia usoni, sikupata kitu. Sala ikaisha, akamimina chai, akajaza na kikombe kimoja kisicho na mtu. Baba alikuwa nje kwenye kigoda, maana hakuzoea kukaa na kina mama wale. Nikasimama ili nikapeleke ujumbe kama kawaida yangu.

"Wewe kaa," mama akaniambia. Kisha akageukia mlangoni, akapaza sauti:

"Baba watoto, njoo unywe chai yako. Iko mezani."