Kevo wangu amecheka kliniki

Kevo wangu amecheka leo, watu wangu!

Tangu bomu lilipomrusha akiwa jeshini, kichwa kinamuuma kila siku.

Daktari amesoma daftari lake la maumivu, akauliza, "Nani humpa hizi tembe za kutuliza maumivu kila asubuhi?"

Nikajibu na kifua mbele, "Mimi mamake! Sijaruka hata siku moja!"

"Mama, tembe za kila siku zinaweza kuleta maumivu zenyewe. Tutazipunguza polepole."

Woi, aibu niliyoona!

Kevo ndiye akaanza kucheka. "Mathe, kumbe bomu ni wewe!"

Miaka mitatu sijasikia kicheko hicho.

Tumerudi nyumbani Mashimoni nikitembea kama naelea, mabati yote yaking'aa kama maji.

Jumamosi nawapikia chapati. Mje nyote, lakini tuongee chini chini, kichwa chake bado kinauma.